Ulimi Wangu na Posa ya Nuru

Jumatatu, 4 Novemba

Farida kaniita jikoni asubuhi. Binti yangu wa kumzaa mwenyewe, kaniita kama anaita mtoto aliyevunja kikombe. Akasema Jumapili wageni wanatoka Kilambo kuja kumposa Nuru hapa Mpapura, na msemaji wa familia atakuwa Mjomba Fadhili. Si mimi.

Nikauliza kwa nini. Akasema kinywa changu nakijua mwenyewe.

Nakijua, ndiyo. Kina meno machache na hakijaua mtu. Lakini bado ananishikia ile hitma ya mwezi uliopita, niliposhika sufuria ya pilau bila kitambaa, shehe yuko katikati ya dua. Lilinitoka tusi la nguoni, nakubali. Sufuria ilikuwa ya moto. Watu wakaitikia amina kabla hawajajua wanaitikia nini.

Nuru ni mjukuu wangu. Baba yake alivuka Ruvuma kutafuta maisha, akaoa hukohuko, basi. Mama yake, huyu Farida, alikuwa Mtwara mjini chuo cha ualimu. Aliyembeba yule mtoto mgongoni, akapalilia naye mikorosho, ni mimi. Leo anaposwa, amsemee Fadhili? Fadhili ni kaka wa marehemu mke wangu. Ni mjomba, ana haki yake, sibishi. Lakini ni mtu ambaye akijikwaa analiomba radhi jiwe.

Imeniuma sana. Ila mtu mzima hatishiwi nyau. Nina mpaka Jumapili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata mbinu. Penye tusi nitaweka jina la chakula. Hasira inatoka, dhambi haiingii.

Nimeanza kazi wakati napasua kuni. Shoka likateleza, gogo likanirukia kwenye ugoko. Nikajizuia vizuri kabisa. Nikasema: Mhogo! Mhogo mkavu wewe, na ukoo wako wote wa mihogo, na aliyekupanda, na shimo ulimotoka!

Farida alikuwa uani na watoto wa twisheni. Akawaingiza ndani mbio. Kisha akaja kunieleza kwamba tusi haliko kwenye neno, liko kwenye sauti. Nikamwambia mhogo ni chakula cha halali, hata shehe anakula. Akasema kwa namna nilivyoutamka, yeye leo hawezi kuupika.

Jioni tumekula wali.

Jumatano, 6 Novemba

Nimewaza vizuri zaidi. Kama ulimi wangu hautakati, uchafuke wa Fadhili. Hakuna binadamu asiye na tusi ndani. Wengine hawajapata sababu tu. Basi nikampa sababu.

Fadhili ameanika korosho zake uani juu ya turubai. Nimemfungua beberu wangu nikamwelekeza huko kwa fimbo. Beberu hana adabu, anafaa kazi hiyo. Akafika, akasimama katikati ya korosho, akakojoa. Nimekaa nyuma ya ua nimetega sikio.

Fadhili katoka, kaangalia. Kasema alhamdulillah hakuja na wenzake.

Halafu kamshika kamba taratibu, kanirudishia. Kaniambia shemeji, mgeni wako huyu, naona alipotea njia. Beberu aliponiona akanipiga pembe la paja. Niliyoyasema siyaandiki. Nuru alicheka mpaka akakaa chini. Farida alikuwa dirishani.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo nilikuja na upupu.

Naupata kule bondeni, unaota wenyewe. Nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikaunyunyiza kwenye benchi la Fadhili pale barazani kwake, upande anaokaa siku zote akitoka swala ya Ijumaa. Mwenyewe mimi nilitangulia kutoka msikitini. Mungu anisamehe, hata sunna sikusali.

Nikajibanza nyuma ya banda la kuku. Fadhili kaja na kanzu yake, kaniona. Banda lenyewe fupi. Akauliza shemeji, mbona umesimama juani? Akanishika mkono, akanipeleka barazani, akanikalisha palepale anapokaa yeye. Akasema mkubwa hukaa pazuri.

Ningekataaje? Nikakaa.

Nilivumilia salamu. Nilivumilia habari za watoto. Tulipofika kwenye habari za mvua nikashindwa. Nililitukana benchi, nikamtukana fundi aliyelipigilia misumari, nikamalizia kwa Kimakua kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Watu wa msikitini ndio kwanza walikuwa wanapita.

Fadhili kaniletea majivu ya kujipaka. Hakuniuliza kitu. Hilo limeniwasha kuliko upupu.

Jumamosi, 9 Novemba

Farida kalia. Nilitegemea kelele, ningejibu. Machozi sikujiandaa nayo.

Akasema hanionei haya. Anaogopa. Nuru anampenda huyo kijana Riziki, kijana ana kazi yake pale kivukoni, ana heshima, na watu wa kwao wakisikia nyumba hii inavyosema watasema binti kakuzwa na matusi. Watachukua sinia lao la posa waondoke. Nuru atabaki na aibu ambayo si yake.

Kisha akanitaka niape kwa jina la mama yake. Kesho nikae mkekani na wazee wenzangu, niitikie salamu, basi. Neno lingine lisinitoke, hata nikikaliwa na nyoka.

Nimeapa. Mke wangu nilimpenda, naye aliyavumilia haya yote miaka mingi. Jina lake silichezei.

Jumapili, 10 Novemba

Wageni wamefika baada ya adhuhuri. Wanaume wanne, wanawake kadhaa, na mbele yao Bi Somoe, bibi yake Riziki. Mama mnene, mzee kunishinda mimi, kanga kajifunga kifuani kama anakwenda kulima. Ilibidi ashushwe na watu wawili kwenye bodaboda.

Tukakaa. Fadhili akawakaribisha kwa maneno mazuri, marefu, hayana hata mfupa mmoja. Bi Somoe akamsikiliza. Alipomaliza, akamwambia, "We mzee, masikio yote hayo, ukisimama mpakani si unanasa mtandao wa Msumbiji?"

Nikashtuka. Utani huo naujua! Mama yangu aliufanya, na bibi yangu. Zamani bibi wa kijana akija kuposa anawachokoza wenyeji. Ukimrudishia, tayari ninyi ndugu. Ukinyamaza, umemkataa, na mjukuu wake umemkataa. Sijausikia tangu wazee wetu waondoke.

Fadhili akasema ahsante sana mama, karibu maji.

Wageni wakatazamana. Farida, ambaye hayo kwao chuoni hawakufundishwa, anatabasamu, anaona mambo yanakwenda kistaarabu. Bi Somoe akajaribu tena. Akauliza kama hiyo kanzu Fadhili kaivaa au ametundikwa humo ndani akauke. Fadhili akasema alhamdulillah, kanzu ni ya sikukuu.

Basi mama akanigeukia mimi. "Na hili gogo la pembeni, mmeliweka tulikalie, au limekufa mnatuficha msiba?"

Nilikuwa na majibu saba. Naapa yalikuwa yamejipanga mlangoni mwa mdomo yanasukumana. Nikamtazama Farida, akanitolea macho. Nikamkumbuka mama yake. Nikainamisha kichwa, machozi yananilengalenga. Nikameza yote saba.

Uso wa Bi Somoe ukabadilika, ukawa wa mtu mzima aliyevunjiwa heshima. Akawaambia wenzake wachukue sinia na barua yao, nyumba hii haiwataki. Farida akasimama, akasema kwani tumekosa nini. Fadhili akaomba radhi, hajui ya nini. Wanaume wanavaa viatu.

Hapo sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia, alikokaa Nuru kwa adabu asionekane.

"Bibi we, kaa chini! Makalio hayo yameileta bodaboda ya watu ikiwa hoi, sasa unataka yairudishe na njaa? Kaa ule kwanza, labda hayo meno yako mawili yatapata kazi!"

Farida kajishika mdomo.

Bi Somoe akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka kanga ikamlegea, akajitupa mkekani, anapiga mapaja. Akasema huyo ndiye, mke mwenzake huyo, alidhani wanapewa bubu kutoka nyumba ya mabubu. Viatu vikavuliwa. Barua ikapokewa. Wamekula hawakubakiza.

Walipoondoka Farida akamuuliza mwanawe maneno yale kayatoa wapi. Nuru akasema kayatoa mgongoni kwa babu. Akaja akakaa karibu yangu, akaniegemea begani.

Nimelia. Naandika ukweli. Nimelia kama mtoto, na wala sikujali Fadhili ananiona.

Jumatatu, 11 Novemba

Farida kaniletea chai na maandazi barazani kwa mikono miwili. Akasema baba nisamehe, nilikufunga mdomo bila kujua nafunga nini. Akasema siku ya harusi msemaji nitakuwa mimi. Mjomba Fadhili mwenyewe kaomba iwe hivyo, anasema masikio yake hayajapona.

Nimefurahi. Haki imerudi kwa mwenyewe. Na yote yametokana na utulivu wangu. Ningefungua mdomo mimi, Nuru asingepata nafasi ya kusema. Nimemweleza Farida hivyo. Kachukua kikombe, karudi jikoni.

Kilichobaki ni Bi Somoe. Yule mama ana maneno mengi, na siku ya harusi atajipanga. Nimeandaa yangu vizuri, sitaki yakatishwe. Halafu kutakuwa na watoto pale, na mashehe. Mtu wa umri ule, kwa kweli, haipendezi.

Kwa hiyo nimempigia mjomba wake Riziki. Nimezungumza naye kistaarabu, bila hata mhogo mmoja. Nimemwomba wamsihi bibi yao siku hiyo akae kwa wanawake, aitikie salamu, basi. Ikiwezekana wamwapishe. Akasema ujumbe huo atamfikishia bibi mwenyewe.

Simu inaita sasa hivi. Namba ya Kilambo. Naona wamekubali.