Mbunge Alitoa Taarifa, Mimi Nikatoa Unabii

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mbunge. Na si mbele yake tu, hata mbele ya mke wangu, ambaye ndiye nimerudi naye nyumbani.

Mbunge wa jimbo letu la Kentucky alikuja kanisani kwetu hapa Highview kutueleza mambo mawili: historia ya kilimo cha huku, na sheria za biashara ndogo. Mkalimani nikawa mimi. Nani mwingine? Kila Jumapili namtafsiria mchungaji. Akiruka, naruka. Akilia, nalia. (Kazi hii niliianza kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na sijui kutafsiri nikiwa nimetulia.)

Mke wangu, Mama Neema, alikaa mbele kabisa. Yeye anapanga maboksi kwenye ghala, na amechoka. Anachotaka ni kuuza mboga zake za lengalenga na sambusa za jikoni kwetu bila kuvunja sheria, kisha aage maboksi. Alikuja na swali hilo moja tu.

Mheshimiwa akaanza taratibu. "Babu yangu alilima tumbaku katika ardhi hii."

"Babu yangu alilima tumbaku katika ardhi hii!" nikatafsiri, nikijipiga kifua.

Akatembea kushoto, nami nyuma yake. Akatoa leso, akafuta jasho. Nami nikatoa yangu. Akanitazama kidogo. (Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.)

"Alilima kwa plau, akikokotewa na nyumbu wawili."

"Mwambie jirani yako, wawili!"

"Wawili!" ukumbi ukaitika.

Mbunge naye akapata moto. Maskini, nadhani hajawahi kuitikiwa hivyo kwa habari za nyumbu. Sauti yake ikapanda, nami nikapanda naye. Mpiga kinanda akaanza kugusagusa vitufe kwa mazoea yake ya Jumapili.

Mama Neema akasimama akauliza swali lake. Mheshimiwa akajibu kwamba muswada wa kuruhusu vyakula vya nyumbani bado unajadiliwa, yeye anauunga mkono, na anatumaini utapita mwaka huu.

Sasa hapo sikutafsiri tena. Upako ulinishukia.

"Imeshapita! Mwaka huu utauza! Mwaka huu unatoka kwenye maboksi! Pokea!"

"Napokea!" akalia Mama Neema, mikono juu.

Vigelegele! Akina mama wakaja mbele wakicheza, na kama tufanyavyo neno likitugusa, wakaanza kuweka dola miguuni pa mhubiri. Yaani miguuni pa mbunge! Akaruka nyuma kama aliyemwagiwa mafuta ya moto. Msaidizi wake akawa anapunga mikono mbele ya simu zilizokuwa zinarekodi: "Hapana, hapana, mheshimiwa hapokei pesa!"

Kinanda kikanyamaza. Mbunge akanigeukia. "Kwani nimewaambia nini?"

Kabla sijajibu, binti yangu Neema akamwambia kwa Kiingereza safi: "Baba amewaambia sheria imeshapita."

Mama Fazila, mzee wetu wa Uvira kule Kongo, akasimama na Kiswahili chake chenye Kifaransa ndani. "Bon, mkalimani, ile sheria imepita ao haiyapita?"

"Haijapita, mama."

"Donc ulitudanganya mu nyumba ya Mungu?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mbunge naye akacheka, baada ya Neema kumtafsiria (mimi nilishanyang'anywa kipaza sauti). Akina mama wakawa wanaokota dola zao wakibishana ipi ni ya nani.

Mimi sikucheka. Mama Neema alikuwa ameshika simu, uso umembadilika.

"Baba Neema, nimeshamtumia bosi ujumbe wa sauti. Nimemwambia naacha kazi."

Kodi ya nyumba tungelipa kwa kitu gani, kwa lengalenga? Tukasimama pale, tumeiinamia ile simu. Bosi akajibu: hajaelewa hata neno moja, ila anafurahi kumsikia akiwa na furaha hivyo, waonane kesho kazini. Kumbe kwa msisimko Mama Neema alikuwa amesema yote kwa Kiswahili!

Nilicheka mpaka machozi. Mwenzangu alinisubiri tufike kwenye gari.

"Umenitabiria mbele ya watu," akasema. "Basi mpaka sheria ipite, lengalenga utamwagilia wewe, na sambusa utakunja wewe."

Nawaandikia nikiwa na unga mpaka kwenye nyusi. Msinicheke, tafadhali. Mpigieni simu mbunge, huo muswada upite upesi.