Malalamiko Dhidi ya Wimbo wa "Niitikie" Katika Lugha Zake Zote Tisa

Mkunazini, Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Barazani,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya na umekaa kitini, kwa sababu ina mambo. Mimi ni fundi saa, mtu wa makamo, na sijawahi kuandika gazetini isipokuwa mara moja kuhusu taa za barabarani. Leo nimelazimika. Naomba wimbo wa "Niitikie" upigwe marufuku. Sababu zangu ni hizi.

1. Wimbo umezidi lugha. Ulipotungwa na yule bwana wa Chwaka, ambaye sina ugomvi naye, ulikuwa wa Kiswahili na una beti nne, kila ubeti mahali pake. Mtu akichoka kuusikia, alitoka nje. Sasa nje nako upo. Kwenye paa la hoteli nyuma ya duka langu unaimbwa Kiitaliano wakati wa chai. Kinyozi anao wa Kihindi, muuza vitenge anao wa Kilingala. Mpwa wa mke wangu, Mazin, anayetembeza wageni msitu wa Jozani, huwaimbia kwa Kichina, na anaapa kwamba kima punju hushuka mitini kumsikiliza. Nimehesabu lugha tisa, na hapo sijaenda Pemba.

2. Kila lugha mpya inamwongezea yule mwanamme wa ndani ya wimbo mapenzi. Kwa Kiswahili anaomba tu aitikiwe, basi. Kwa Kihindi, nimeelezwa, anapanda mlima bila viatu. Kwa Kiitaliano yuko tayari kuinywa bahari. Kwa Kifaransa analia, tena mbele ya chakula. Ndugu Mhariri, sisi waume wa kawaida tutafika wapi kwa mashindano haya? Nimekaa na mke wangu, Bi Bahiya, miaka thelathini na moja. Sijawahi kulia mbele ya chakula, lakini saa yake ya ukutani nimeitengeneza mara saba, na hakuna aliyenitungia wimbo.

3. Wimbo unawafundisha watu kudai majibu. Bi Bahiya akiniita kutoka jikoni, mimi huwa na kioo jichoni na gurudumu dogo la saa kwenye kibano, nikipumua vibaya linaruka. Kwa hiyo hujibu "mm". Hiyo "mm" ilitutosha mpaka wimbo huu uliporudi na lugha zake na kuingia nyumbani. Mwezi wa Rajabu alinisimamia mlangoni, akasema kwamba mtu akiitwa husema naam, na kwamba hata Wachina siku hizi wanaitikiana. Nilimjibu "mm".

4. Hapa ndipo penye maumivu. Jirani yetu alimwozesha binti yake, Muzna, kwa kijana wa Maskati. Taarabu ilipigwa ukumbini baada ya alasiri, wanawake upande huu na wanaume upande ule. Kwa heshima ya wageni, waimbaji wakauimba "Niitikie" kwa Kiarabu. Wewe unajua desturi yetu ya kutunza, lakini wako wasomaji wa mbali: anayeinuka kumtunza mwimbaji fedha kwenye ubeti fulani, ubeti huo ameufanya wake, na anayemtazama wakati huo ndiye anayeambiwa.

Ubeti wa kwanza, nimekuita hukuitika, Bi Bahiya aliinuka, akatunza, akanitazama mimi. Ukumbi mzima ukanitazama mimi. Nikaona hapa mtu mzima hajibu "mm". Ubeti wa pili naujua tangu ujana: nimechelewa lakini nimekuja. Ulipoanza tu nikainuka, nikaweka kofia sawa, nikamtunza mwimbaji, nikamtazama mke wangu na kumchekea.

Kumbe wale waliougeuza wimbo kwa Kiarabu walizihamisha beti. Wa nne wameuweka wa pili. Nao unasema: mlango uko wazi, nenda kwa salama.

Waliojua Kiarabu walishika vichwa, kisha wakawatafsiria wasiojua. Bi Bahiya amesomesha Kiarabu chuoni miaka ishirini, hakuhitaji mfasiri. Nami, ambaye babu yangu alitoka Oman, na ambaye kila asubuhi husikiliza taarifa ya habari ya Kiarabu na kutikisa kichwa, ningesimamaje kusema sikuelewa? Nikaendelea kucheka. Jioni ile ile akafuatana na dada yake, Bi Salhiya, kwenda kukaa kwake Kidichi. Leo ni wiki ya tatu. Nyumba ina saa kumi na nne, zote zinakwenda sawasawa, na hakuna hata moja inayoniita jina. Nimekonda.

5. Kwa hayo, naomba yafuatayo. Wimbo uimbwe Kiswahili peke yake. Atakayehamisha ubeti ashitakiwe kwa kuvunja nyumba ya mtu. Ikishindikana, wimbo ukomeshwe kwa lugha zote, pamoja na mluzi. Na kwa kuwa madhara yameshatokea, ile harusi irudiwe katika ukumbi ule ule na wageni wale wale, ili nipate kutunza ubeti unaostahili. Bwana harusi hana haja ya kutafuta mke mwingine, yule yule anatosha.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, na yule bibi wa mapokezi ambaye saa yake iko tayari tangu Ramadhani. Mazin akisoma haya, naye salamu zake, ila apunguze Kichina.

Ni mimi, niliyebaki na birika la chai ya watu wawili,
Ghanim, fundi saa

Baada ya kutia saini: Naona kila Ijumaa mnachapa maneno ya wimbo mmoja. Ijumaa hii nawaomba mchape "Niitikie", beti zote nne, Kiarabu na Kiswahili chake ubavuni, kwa herufi kubwa. Jumamosi nakwenda Kidichi kumwimbia mtu, na safari hii sitaki kukosea. Nimeshamwomba Mazin anifundishe na ule wa Kichina, kwa tahadhari. Nafasi ikiwa ndogo, itupeni barua muuchape wimbo. Ikiwa ndogo zaidi, Bi Salhiya hununua gazeti lenu, basi wekeni haya tu: Bahiya, Kiarabu sikijui, wala sijapata kukijua. Lakini kila uliponiita nilikusikia. Naam.