Kiatu Kimoja na Tafsiri Zake

Jumatatu, 3 Novemba

Nastaafu Ijumaa. Miaka thelathini na moja nimefundisha falsafa ya kale, na kitabu changu cha kurasa mia nne na kumi na mbili hakijasomwa na mtu. Mke wangu alifika ukurasa wa sita, akakumbuka ana nguo za kuanua.

Kinamhusu yule mwenye hekima wa kale ambaye nyumba yake iliungua, akaingia motoni, akatoka na kiatu kimoja. Wanafunzi wake walisema alidharau mali. Miaka mia mbili baadaye wakasema alionyesha kwamba hofu haichagui. Wakaja wacha Mungu, wakasema ni unyenyekevu. Hawa wa juzi wanasema alipinga umiliki. Mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja. Vitabu hana, kiatu kipo!

Leo nimeng'amua. Mwanafalsafa hakumbukwi kwa kitabu, hukumbukwa kwa kisa, na mimi sina kisa. Naogopa, nasema kweli. Wiki ijayo watabandua jina langu mlangoni, na mambo yatakuwa yameishia hapo.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda kazini na kiatu kimoja. Mguu wa kushoto soksi tupu. Nimefundisha saa mbili bila kueleza neno, kwa sababu kisa kikielezwa na mwenyewe kinakufa.

Tarishi kaniuliza kama nina kidonda. Karani wa idara kaniletea kandambili zake za chooni, za rangi ya waridi. Nimezikataa kwa heshima. Bwana Kwahiyo, mwalimu wa mantiki, yule aliyepata ukuu wa idara mwaka nilioukosa mimi, kaniangalia mguu kwa muda mrefu. Akasema kwa hiyo, mzee mwenzangu, umepoteza kiatu.

Hana jicho la falsafa. Sijui walimpa ukuu kwa lipi.

Jumatano, 5 Novemba

Kisa kimeenea! Nimekisikia kwenye foleni ya chai, nikajibanza nyuma ya nguzo nifaidi. Wanafunzi wanasimulia kwamba Bwana Kwahiyo alifundisha na kiatu kimoja kwa sababu kingine kampa mfagizi. Mfagizi akifanyie nini kiatu kimoja, hakuna aliyeuliza.

Nimejitokeza. Nimewaambia ni mimi, tena sikumpa mtu kitu, kiatu kilikuwa chini ya kitanda. Wamenisikiliza kwa adabu. Binti mmoja akasema samahani mwalimu, lakini kisa kinamfaa zaidi yeye.

Katika sura ya tatu ya kitabu changu nimeeleza jinsi visa vya kale vilivyohama kutoka mwenye hekima mmoja kwenda kwa mwingine. Wakati naandika niliona ni jambo la kupendeza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemtafuta huyo mfagizi, mama wa usafi, aje akanushe mbele ya darasa. Nimemkuta ngazini akikamua tambara. Akasema si kiatu kimoja, mwalimu, ni jozi mbili alizopewa za mume wake, mwaka juzi. Bwana Kwahiyo alimwomba asimwambie mtu.

Nimeisogeza ndoo ili nipite, ikanimwagikia kwenye soksi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kwenye hafla ya kuniaga wamenipa saa ya ukutani. Bwana Kwahiyo kahutubia dakika nne, nimehesabu “kwa hiyo” zake kumi na moja. Nikawa najiweka sawa niwasomee muhtasari wa sura ya kwanza, mke wangu akanitangulia kusimama. Hajawahi kuhutubia popote.

Akasema mwaka ule wa usaili wa ukuu wa idara, nilikuwa mlangoni navaa viatu, kijana wetu wa kwanza akashikwa na degedege. Nikambeba nikatoka mbio. Nikakaa naye hospitali kutwa nzima, tai shingoni, kiatu kimoja mguuni, mpaka homa ikashuka. Usaili ukapita. Akasema sijawahi kuitaja siku ile kwa lawama, na yeye hahitaji kisa kingine cha kunikumbukia.

Bwana Kwahiyo akavua miwani. Habari ya kiatu nilikuwa nimeisahau kabisa, ila uzito wa yule mtoto mkono wangu bado unaujua. Nimelia mbele za watu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeamka na akili safi. Mke wangu kasimulia vizuri, lakini tafsiri yake ni dhaifu. Yeye anaona mapenzi ya mzazi tu. Ni dhahiri kwamba nilikuwa nimekwisha kukataa cheo kwa hoja, miaka ishirini na sita kabla ya kitabu! Mtoto ni jambo la pembeni. Nimemweka kwenye tanbihi ya sura mpya ninayoiandika.

Niko ukurasa wa tisa. Kijana mwenyewe, siku hizi fundi umeme, amesafiri tangu alfajiri baada ya mama yake kumpigia simu. Kabisha mlango, kasema baba, nimekuja kukushukuru. Nimemwambia asubiri sebuleni, nimefika mahali pagumu. Nasikia mama yake akimwambia anywe chai, inapoa.

Nimetoka mara moja tu, kumwuliza kiatu kilikuwa cha kushoto au cha kulia. Kasema alikuwa na miaka mitatu, kiatu hakikumbuki. Anakumbuka nilikuwa nikimwimbia.

Nimeandika: shahidi hafai.