Kata Bima Kabla ya Kupanda Boti ya Kibuye

(Hotuba ya Mheshimiwa Gad Kwizera, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Safari za Majini na Ustawi wa Abiria, aliyoitoa ufukweni mwa Ziwa Kivu, Gisenyi, Rwanda, Ijumaa moja ya Agosti 1999, kuanzia saa nne asubuhi. Imeandikwa na katibu wa kamati, Ingabire, pamoja na yale waliyoyasema wananchi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa aliyealikwa ametoa udhuru nimekubali kuwa mimi mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia ni mimi, waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuisimamia kamati ndogo, ndugu wakuu wa idara na wale mnaokaimu nafasi zao, baba paroko, shehe wetu, wazee wa heshima kutoka Nengo, akina mama wa soko la Mahoko, wakulima wa viazi na wafugaji wa Mudende mlioteremka tangu alfajiri, wafanyabiashara wa mpakani ambao leo mmeacha kwenda Goma ili mje kunisikiliza, ndugu mliorudi nyumbani kutoka Kongo, kutoka Uganda, na kutoka Tanzania kama mimi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahauliwa namwomba ajihesabu kuwa amekumbukwa. (Makofi, viti vya mbele. Viti vya nyuma vinatazama ziwa.)

Ndugu wananchi, mtaniwia radhi nikizungumza Kiswahili sanifu, kwa sababu ndicho nilichorudi nacho kutoka Mwanza, ambako kwa miaka kumi na tisa niliwatumikia abiria wa majini katika nafasi nyeti ambayo sitaitaja kwa unyenyekevu. (Sauti ya mzee: «Alikuwa anauza tiketi.» Kicheko.) Tangu niteuliwe, na nasisitiza niliteuliwa bila kuomba, ingawa niliandika barua nne, kamati yangu imekaa vikao thelathini na saba, imefanya semina sita, wokshopu nne na fizibiliti stadi moja yenye kurasa mia mbili na kumi, na kwa mujibu wa stadi hiyo asilimia themanini na tisa ya wakazi wa mkoa huu wangependa kwenda Kibuye kwa maji, asilimia tisa hawakuelewa swali, na asilimia mbili walikuwa wanaoga.

Matokeo ya jitihada hizo zisizo na mfano ni safari fupi ya ndani ya nchi, ya kistarehe na ya kimaendeleo kwa wakati mmoja, kati ya Gisenyi na Kibuye, ambayo kwa mujibu wa ratiba niliyoisaini kwa mkono wangu itaanza kesho Jumamosi saa kumi na mbili kamili asubuhi na kufika saa tatu na nusu, abiria wakiwa wamekunywa chai. (Makofi makubwa. Ni kweli barabara ya Kibuye ni mbaya na inakula siku nzima.) Nimeulizwa tangu asubuhi boti iko wapi. Ndugu zangu, tusitangulize mambo madogo. Ratiba ipo, imechapwa kwa mashine, ina mhuri, na leo hatukuja kuzungumzia boti, tumekuja kuzungumzia uamuzi mzito unaomkabili kila msafiri makini duniani, nao ni huu: je, nikate bima ya safari, au nisikate?

Bima, ambayo wenzetu wa huku mnaiita asiransi, ni kinga shirikishi ya kimkakati dhidi ya majanga. Kwa mchango mdogo, ambao mtaulipa pale mezani kwa Bi Ingabire, abiria wetu atalindwa dhidi ya upepo, dhidi ya moto, dhidi ya kupotelewa na kamera au darubini, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri sana, atalindwa kikamilifu dhidi ya kuliwa na mamba na dhidi ya kupinduliwa na kiboko. (Kicheko kirefu. Mvuvi mmoja anasimama: «Mukubwa, humu Kivu mamba hakuna! Kiboko hakuna! Mi nimezaliwa hapa, sijaona hata moja!»)

Asante sana, ndugu mvuvi, na naomba kumbukumbu zioneshe hivyo. Ni kweli kwamba fomu tuliitoa Mwanza, na ni kweli kwamba Mwanza mamba wapo. Lakini nawauliza, ni wilaya gani nyingine katika ukanda huu inayoweza kutangaza kwamba tangu kamati yake iundwe hakuna abiria hata mmoja aliyeliwa? Hayo mnayaita bahati, mimi nayaita uongozi. (Makofi ya wajumbe.)

Naona mkono kule. Simama, mama, ujitambulishe kwa wananchi. (Anasimama Mama Mukantwari, mchuuzi wa maharage kutoka Mahoko. Ana kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe na madumu mawili ya pombe ya ndizi. Anasema: «Bon, mi naitwa Mukantwari. Kesho saa ine tunaenda kuomba bibi ya mutoto yangu, kule Kibuye. Tuko batu kumi na moja. Ile familia ya binti ni batu ya heshima sana, tukichelewa watafunga mulango, watatucheka mbele ya kijiji nzima, na mutoto amengoja huyu binti miaka tatu. Dauda iko pale na kamioneti, ananiambia twende sasa ao aniache. Donc mi nauliza: nipande gari ya Dauda, ao ningoje boti yenu?» Honi ya Dauda barabarani, mara mbili.)

Wananchi, mpigieni makofi mama huyu! Huyu ndiye stekiholda wetu! Mama Mukantwari, njoo ukae hapa mbele, kwenye kiti cha Mgeni Rasmi, maana mimi nimesimama. (Anakaa. Anaona haya, lakini anatabasamu. Jirani yake Donatille anamfuata na madumu, anamnong'oneza kwa sauti ya kusikika na wote: «We Mukantwari, usiweke asiransi! Mutu anaenda kwa arusi, anaandika karatasi ya kufa? Ni kujiitia mabaya, mwana wa mama!»)

Nimesikia, na nitajibu kitaalamu. Mama Donatille, hofu yako ni ya kimapokeo na kamati inaiheshimu, lakini asiyekata bima ndiye anayejiitia mabaya, kwa kuwa anazama bila kuacha maandishi yoyote, na ofisi inabaki haijui imwandikie nani. Bi Ingabire, mletee mama fomu. Kisanduku cha kwanza, jina. Kisanduku cha saba, jina la ukoo. Kisanduku cha nane, mrithi, ambaye kwa usalama wa mfumo lazima awe na jina la ukoo lilelile la kisanduku cha saba. (Minong'ono. Mama Mukantwari: «Mukubwa, huku kwetu hakuna ile. Mi ni Mukantwari, mutoto ni Tuyishime, baba yake Mungu amurehemu aliitwa Hitayezu, ndugu yangu ni Mukashyaka. Kila mutu na jina yake alipewa siku ya kuzaliwa. Sasa nani mrithi wangu?» Sauti: «Hana ukoo! Sisi bote hatuna ukoo!» Kicheko.)

Utulivu, ndugu zangu. Mimi ni Mnyarwanda mwenzenu, naijua mila yetu, na katika kikao cha kumi na tisa tulilijadili jambo hili kwa uchungu mkubwa. Lakini fomu ziko mia tano, zimeshachapwa, na haiwezekani kubadilisha fomu mia tano kwa ajili ya majina ya watu. Kwa hiyo kamati imeelekeza kwamba kila familia itakayosafiri ichague jina moja la kutumia majini, na wakishuka Kibuye kila mmoja atarudishiwa la kwake. (Mama Mukantwari: «Ayiwe! Mutoto ataenda kuomba bibi na jina ya boti?» Wanawake wa Mahoko wanashikana mabega kwa kucheka. Honi ya Dauda, ndefu.)

Mama, tulia, uko kwenye mikono salama. Wote kumi na mmoja tumewaandika Mukantwari, mpaka babu yenu. Limekwisha hilo. (Ni kweli niliwaandika. Ilichukua dakika arobaini, na Mheshimiwa aliitumia nafasi hiyo kusoma dibaji ya fizibiliti stadi.)

(Dauda amefika mwenyewe, funguo mkononi. Anasema kwa adabu: «Mama, samahani. Saa sita inakaribia. Nikitoka sasa, tutafika usiku, lakini tutafika. Nikingoja zaidi, mi siwezi, niko na viazi ya batu kwa gari.» Mama Mukantwari anasimama nusu, anaketi, anasimama tena. Anamuuliza Mheshimiwa: «Niambie kweli. Boti ikichelewa, hii asiransi itanisaidia?»)

Swali la kihistoria! Mama mpendwa, fungua ukurasa wa tatu, kifungu cha kumi na nne, ucheleweshaji. Kinasema kwamba endapo chombo kitachelewa kwa sababu yoyote ile, kamati itamfidia abiria, na mimi binafsi, kama Mwenyekiti, nitamwandikia baba wa binti barua rasmi yenye mhuri, ya kumweleza kwamba kosa si la familia ya bwana harusi. Nani katika Kibuye nzima atafunga mlango mbele ya mhuri? (Makofi. Hata wa nyuma wanapiga.)

(Mama Mukantwari anamwambia Donatille, taratibu, mimi nikiwa karibu: «Sikia, dada. Hawa batu wamesoma. Kama boti haiko, wataiwekea asiransi ya nini? Mutu hawezi kuweka asiransi kwa kitu haiko.» Donatille anafikiri, kisha anakubali kwa kichwa. Mama anaweka sahihi. Anamwambia Dauda: «Enda, kaka. Tutaenda na boti.» Dauda anatazama ziwa, anamtazama mama, anaondoka. Kamioneti inasikika ikipanda mlima.)

Huo ndio uamuzi wa mwananchi aliyeelimika! Nimeguswa, ndugu zangu, na sioni aibu kusema nimeguswa sana, kwa sababu nimehangaika miezi kumi na minane, nimekosa usingizi, nimekosa hata likizo, nikiota siku ambayo mama wa kawaida wa Mahoko atashika hati ya bima mkononi kama abiria wa Ulaya, na siku hiyo ni leo. Sasa naomba mnyanyue mikono na mniitikie kwa nguvu. Bima! (Wananchi: «Mbele!») Mamba! (Wachache: «Nyuma!») Kivu ya kisasa! («Inawezekana!») Na yule wa Mudende aliyelala, mwamsheni aitikie.

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati kwa kunivumilia, na najishukuru mimi kwa kuivumilia kamati. Namshukuru baba paroko kwa viti. Namshukuru fundi seremala wa Nengo, ambaye juzi alikubali kwa kauli kwamba akipata mbao ataanza kufikiria namna ya kuikadiria boti yetu. Nawashukuru nyote mliokata bima asubuhi hii, kwa kuwa ni michango yenu ya bima itakayonunua ubao wa kwanza. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mama Mukantwari, abiria wetu nambari moja, aliyetuonesha kwamba penye nia ya kweli boti si kikwazo. Tathmini inaonesha kuwa safari yoyote ya majini inahitaji vitu vitatu: ratiba, bima na chombo. Ndugu wananchi, viwili vimekamilika, sawa na asilimia sitini na sita nukta sita, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na boti yoyote ambayo haijajengwa. (Hakuna makofi.)

(Mama Mukantwari amesimama, kikapu mkononi. Anauliza: «Na kesho? Na mutoto yangu? We uliniambia kifungu ya kumi na ine.»)

Naam, mama, na kifungu hicho kinasimama imara. Kinahusu chombo kilichochelewa. Chombo ambacho hakipo hakiwezi kuchelewa, na ndiyo maana napenda kukuhakikishia, mbele ya umma huu, kwamba kesho hapatakuwa na ucheleweshaji wowote. Asanteni sana kwa kunisikiliza.

(Donatille ameketi chini na kufunika uso kwa kitenge. Mama Mukantwari ameiacha hati ya bima kwenye kiti cha Mgeni Rasmi, amevua viatu, anakimbia barabara ya Kibuye na kikapu kichwani, akiita jina la Dauda. Madumu yote mawili yamebaki hapa mbele. Mheshimiwa ananiuliza kama nimeandika ile asilimia. Nimeandika. Sasa naweka kalamu chini, nabeba dumu moja, mvuvi amebeba la pili, tunamfuata.)