Viatu vya Tiba vya Dakta Brayan

Herman alikuwa kwa mama ntilie karibu na stendi ya Kilosa, anamalizia supu ya kongoro, masikio yakiwa kazini. Watu wengine wakila hula tu. Herman akila husikiliza meza za jirani, na sioni kwa nini tumlaumu: duka lake ni mdomo, na bidhaa lazima zitoke mahali.

Meza ya pili walikaa walimu wawili wastaafu. Mmoja, Mwalimu Mwamvua, alikuwa mnene, mchangamfu, ushungi wa kijani. Mwenzake, Mwalimu Magdalena, alikuwa mwembamba, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba.

"Wiki mbili zimebaki, na Generoza bado anachechemea," alisema Mwamvua. "Asubuhi akishuka kitandani, hatua ya kwanza anapiga ukelele kama amekanyaga msumari."

"Na ndiye aliyetushawishi sote! Siku tatu za kutembea milimani Mikumi hadi maporomokoni, walimu wastaafu kumi, tumejinyima mwaka mzima. Asipokwenda yeye, mimi siendi."

"Hata akienda, tutamfuata na miguu gani? Mimi nina nyayo bapa, wewe kidole gumba chako kinatazama Dodoma."

Herman aliacha kutafuna. Walimu kumi. Miguu ishirini. Na yote inauma!

Hapa nikwambie jambo moja kuhusu Herman, maana bila hilo hutaelewa msiba uliompata baadaye. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisigino. Kazi yake ya kuuzia watu vitu visivyofaa ina mbio nyingi, na miaka kumi ya kukimbia wateja ilimwachia maumivu ya kila asubuhi. Alishakwenda hospitali tatu. Aliyemponya hakuwa daktari, bali jozi moja ya viatu vya kahawia alivyovichimbua kwenye belo la mitumba Morogoro, vigumu nyuma, vinene chini, vimeshonwa na mtu aliyekuwa na hofu ya Mungu. Herman aliviita Waheshimiwa. Akiwa na Waheshimiwa miguuni, hakuna mteja aliyewahi kumkamata. Alivipiga brashi kila jioni, na mchumba wake mmoja alimwacha kwa sababu hiyo hiyo.

Alisogea, akainama kwa adabu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtanisamehe. Nimesikia neno kisigino, nikashindwa kunyamaza. Naitwa Dakta Brayan. Nimesomea nyayo Uturuki."

Magdalena alivaa miwani. "Nyayo tu?"

"Kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini, mama. Juu ya hapo nawaachia hospitali."

Kufikia mwisho wa supu alikuwa amealikwa nyumbani kwa Mwalimu Generoza, Alhamisi, saa tisa alasiri, aje na viatu vya tiba jozi kumi.

Viatu vya tiba jozi kumi vilizaliwa ndani ya siku mbili, chumbani kwake. Alichukua raba za mitumba zilizokataliwa na kila mtu sokoni, akakata godoro kuukuu, akagandisha vipande vya sponji ndani kwa gundi, kisha akapaka juu yake dawa ya kuchua ile kali, ili mguu ukiingia usikie baridi na mwenye mguu aseme, jamani, inafanya kazi! Kila jozi ikaingia kwenye boksi, boksi likazungushiwa utepe wa gundi pande zote. Mbinu hii haikuwa mpya. Mwezi uliopita aliitumia Mikumi, akawauzia vijana wanaoongoza wageni milimani, akaondoka mjini mbio kabla soli hazijaanza kufunua vinywa.

Alhamisi aliwakuta walimu tisa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, kila mmoja na daftari mapajani. Mlangoni palijaa ndala na makubazi. Herman naye akavua Waheshimiwa, akaviweka pembeni vikitazamana vizuri, akaingia na soksi. Mwenye nyumba alikuwa bado jikoni.

"Mama zangu," alianza, "nyumbani kwetu Dar es Salaam, na baadaye Uturuki..."

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu aliyekula vumbi la chaki miaka thelathini na nane.

Herman aliruka wima. Mikono ikajibana mapajani, kidevu juu, na kutoka mdomoni mwake ikatoka sauti ya kuvuta, ile inayoimbwa na madarasa yote ya shule za msingi asubuhi: "Shikamoooo, mwaaalimu!"

Walimu tisa wakatazamana.

"Marahaba," alisema Mwalimu Generoza, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, akiegemea fremu ya mlango ili kisigino kipumue. Alimtazama mgeni kwa muda, kuanzia masikioni hadi soksi. "Kaa, Dakta. Uturuki nako wanasalimia hivyo?"

"Ni... ni heshima tu, mama. Walimu nawaheshimu sana." Mikono ilikuwa bado imejibana mapajani na hakujua kwa nini. Sisi tunaweza kukisia. Yeye alikuwa na haraka ya kuuza.

Akaingia kwenye somo, na hapo ndipo alipokosea, maana alilipenda mno. Uongo wake wote alikuwa ameuokota huku na kule, lakini habari za kisigino alizijua kwa machozi. Alikwenda mlangoni, akarudi na Mheshimiwa wa kulia mkononi.

"Kiatu changu hiki ni kilekile kilichomo kwenye maboksi. Kiwanda kimoja, fundi mmoja. Kwanza, bonyezeni hapa nyuma, penye kisigino. Pagumu? Ndivyo inavyotakiwa. Pili, kikunjeni. Kinakunjika penye vidole. Kikikunjika katikati, hicho si kiatu, hiyo ni kadi ya mwaliko. Tatu, kikamueni kama nguo. Kimekataa? Kikikubali kukamuliwa, kirudisheni dukani."

Kalamu zilikwenda kasi. Mheshimiwa alizunguka mkono kwa mkono, akibonyezwa, akikunjwa, akinuswa na Mwamvua.

"Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba," aliendelea Herman, jasho la furaha likimtoka, "maana mkiteremka mlima mguu unasogea mbele. Viatu vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Na tafadhali sana, mama zangu, msivae kiatu kipya mara ya kwanza siku ya safari! Kivaeni nyumbani kwanza, fagieni nacho, nendeni nacho sokoni."

"Rudia hapo, polepole," alisema Magdalena. Akarudia.

Kisha akachora miguu yao kwenye karatasi, mmoja mmoja. Wa Generoza ulikuwa mkubwa kuliko yote.

"Arobaini na moja! Kama wangu, mama. Sasa, maboksi haya msiyafungue mpaka siku ya safari. Dawa iliyomo ikipata upepo inakimbia."

Generoza alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi. "Swali, Dakta. Tumeandika hapa kwamba kiatu kipya kisivaliwe mara ya kwanza siku ya safari. Na wewe unasema boksi lisifunguliwe mpaka siku ya safari. Tufuate lipi?"

Tajiri wa maneno huwa hakosi jibu, ila huwa hachagui. "Hivyo ni viatu vya kawaida, mama. Hivi vimeshazoezwa. Kiwandani wapo watu maalumu wa kuvivaa kwanza."

"Wanavivaa muda gani?"

"Inategemea. Vingine hata miaka mitatu."

Hilo, ukiangalia vizuri, ndilo neno pekee la kweli alilosema siku ile kuhusu yale maboksi.

"Ahaa," alisema Generoza. "Na hivi vyako ni vilevile?"

"Vilevile kabisa! Hamna tofauti hata ya uzi."

"Basi mimi nachukua hivi. Vimeshapata upepo, vimeshazoezwa, tena na Dakta mwenyewe. Namba ni yangu. Boksi langu hilo hapo chukua wewe."

Herman alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Generoza alikuwa ameshaingiza mguu wa kulia, akaukanyaga, na uso wake ukabadilika, ukalegea kama wa mtu aliyetua ndoo kichwani. "Mungu wangu," alinong'ona, na safari hii hakuwa anaigiza kitu. "Hauumi! Mwamvua, kisigino hakiumi hata kidogo!"

"Lakini hivyo... mama, vimechakaa, vina jasho langu..."

"Kwani kuna tofauti na vya kwenye boksi?" aliuliza Magdalena, kalamu tayari.

Herman alipiga hesabu. Akisema ipo, biashara imekufa. Akisema haipo, Waheshimiwa wamekwenda. Macho kumi ya walimu, na mengine kumi, yalimngoja kwa utulivu wa watu waliosimamia mitihani.

"Haipo," alisema.

"Vizuri sana. Malipo yote tutakukabidhi Mikumi, tukishatembea navyo. Na utakuja nasi, uwe unatukagua nyayo. Mguu wa kushoto nao naomba."

Alitoka nyumba ile na soksi tu, na maboksi yote kumi mgongoni, maana walimu walisema ni salama zaidi dawa ikitunzwa na mtaalamu.

Siku zilizobaki kabla ya safari sitazieleza zote, nina huruma. Kila asubuhi Herman alishuka kitandani na kupiga ukelele hadi mwenye nyumba akafikiri ameleta mwanamke. Alikwenda nyumbani kwa Generoza mara tatu kuviiba, akakuta mlangoni ndala tupu, kwa sababu Waheshimiwa hawakuwa na muda wa kukaa mlangoni. Walikuwa wanazoezwa. Aliwaona wakienda sokoni. Aliwaona wakitoka kanisani, wamepigwa kiwi. Siku moja waliwahi kumpita kabisa barabarani, na mama aliye juu yao akampungia mkono. Herman alilia kidogo, nyuma ya kibanda cha chipsi.

Angeweza kukimbia mji. Ila malipo yalikuwa Mikumi, na Waheshimiwa wangekuwa Mikumi, na mlimani kuna vijito. Mtu akivuka kijito anavua viatu. Herman alijiwekea hesabu hiyo akaona imekaa sawa; wale vijana wa Mikumi aliowauzia raba hakuwaingiza humo.

Siku ya safari alifika kwenye basi dogo walilokodi amevaa jozi ya boksi lake. Hakuwa na nyingine. Alipopanda alitazama chini, akaona jambo ambalo hakulipenda. Miguu yote kumi na minane ya wale wengine ilikuwa kwenye raba imara, ngumu nyuma, zilizokwisha kuingia vumbi la siku nyingi.

"Mama zangu, mmevipata wapi?"

"Sokoni, jioni ileile," alisema Mwamvua. "Tulikuwa na daftari. Wauza viatu walitukoma! Tuliwakamulia meza nzima."

"Maboksi yako yako wapi?" aliuliza Generoza.

"Nimeyaleta, mama."

"Usiyaache. Dawa hiyo."

Mikumi walishushwa chini ya milima, nyuma ya mji, jua likiwa bado changa. Herman alipiga hatua ya kwanza ya mlima. Baridi ya dawa ilimpanda mguuni, kisha baridi ikageuka moto. Hatua ya ishirini, sponji ikajikunja chini ya vidole. Hatua ya thelathini, soli ya kushoto ikaanza kupiga makofi.

"Kiongozi wetu yule anakuja," alisema Magdalena. "Kijana hodari, anaitwa Nickson."

Kijana mrefu mwenye fimbo alikuwa anateremka kwa tabasamu. Kisha akamwona aliyebeba maboksi. Tabasamu likabaki, ila macho yakaacha kushiriki.

"Dakta Brayan! Nakutafuta mwezi mzima, kaka. Vile viatu vya tiba, soli ilibaki porini. Nilimaliza njia na soksi, wageni wakinipiga picha!"

Sasa ndugu yangu, mwezi uliopita jambo hili lingekuwa rahisi. Herman angesema, "Shemeji, ngoja nikuletee jozi mpya," na Waheshimiwa wangempeleka hadi barabara kuu kabla sentensi haijakauka. Sentensi aliisema. Akatoka nduki. Soli ya kushoto ikasema sitoki hapa, ikabaki. Ya kulia ikamfuata hatua tatu, nayo ikakata tamaa. Kisigino kikatua juu ya kokoto, na Herman akapiga ukelele uliorudi kutoka upande wa pili wa bonde. Nickson hakukimbia. Alitembea tu, akamfikia.

"Mnamfahamu huyu?" aliwauliza walimu.

"Ni mchukuzi wetu," alisema Generoza bila kupepesa. "Wa kujitolea. Hadi maporomokoni, siku zote tatu. Mwamvua, mpe na kapu la vyombo."

Wakampakia. Maboksi kumi, kapu, sufuria ya wali, mwavuli wa Magdalena. Nickson akamfungia ndala za kuazima kwa kamba ya katani, akakaa nyuma yake na fimbo.

Walipanda. Mbele kabisa alikwenda Mwalimu Generoza, mwanamke ambaye wiki mbili zilizopita hakuweza kuvuka sebule bila kushika ukuta, akikanyaga mawe na mizizi kama anakwenda dukani kununua chumvi. Hakuchechemea. Alikuwa anaimba. Walifika kwenye kijito, na Herman, pumzi juu, akainua macho kwa matumaini yake ya mwisho. Generoza alitazama maji, akatazama viatu, akaruka.

Herman akaburuta ndala, kichwa chini, akiwaza kujiviringisha kwenye majani na kupotea.

Kutoka juu ya mwamba kikaja kikohozi kifupi, kikavu.

"Herman Simoni! Shule ya Msingi Munisagara! Darasa la tatu B!"

Mzigo wote ukaporomoka. Sufuria ikabingirika hadi kijitoni. Herman alikuwa amesimama wima, mikono mapajani, kidevu juu.

"Naam, mwalimu!"

"Acha kuburuta miguu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Okota vyombo, upande."

Akaviokota, akapanda.