Yah: Masweta ya Watoto Yaliyonivurugia Kesi ya Mpaka

Mwalimu Filemon Nkya (mstaafu),
Machame.

Kwa Mwenyekiti,
Kikundi cha Akina Mama Wafumaji.

Mwenyekiti Gladness,

Pokea marahaba yangu, kwa shikamoo ambayo najua ungenipa tungekutana njiani. Nilikufundisha darasa la nne na nakumbuka ulikuwa mtoto mtulivu asiyemsumbua mtu. Kwa hiyo naandika kwa masikitiko, nikiamini kwamba madhara niliyoyapata kutoka kwa kikundi chako hukuyakusudia.

Kikundi chako kinafuma masweta na kofia za watoto wadogo na kuzigawa bure. Nia hiyo sina ugomvi nayo. Julai huku kwetu baridi inaingia mpaka ndani ya kikombe cha chai. Ugomvi wangu ni na matokeo, nayo nayapanga kwa namba ili uyajibu moja moja.

1. Mke wangu Ruth alijiunga nanyi mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo haongei, anahesabu. Ng'ombe wetu aliposhikwa na uchungu nilikimbia kumwita, akaniinulia kidole: "Baba Eva, subiri nimalize mstari." Mstari ulipokwisha, ndama alikuwa ameshasimama. Mkunga nilikuwa mimi, mwalimu wa jiografia.

2. Sweta nililopewa na walimu wenzangu siku ya kustaafu limefumuliwa. Nililiacha msumarini, nikarudi nikakuta kola na mkono mmoja. Ruth alinijibu bila kuinua macho kwamba lilikuwa limetoboka viwiko, na kwamba "wewe umeshamaliza kukua." Lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Kikundi chako kiliipenda rangi hiyo kiasi cha kwenda soko la Kwa Sadala kununua masweta ya mitumba yanayofanana nalo na kuyafumua yote. Sasa watoto wote wa chini ya miaka mitatu hapa kijijini wametoka rangi moja, kama matofali.

3. Hapa naomba usome taratibu. Jirani yangu Primus nami tulikuwa hatusalimiani kwa miaka sita. Alihamisha masale, ile mimea ya mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, hatua mbili kuja kwangu. Yeye husema niliyeyahamisha ni mimi. Ugomvi huo niliutunza vizuri. Nilikuwa naamka nao na kupiga nao mswaki. Hata mkewe Kornelia alipofariki mwaka juzi, nilisimama nyuma kabisa karibu na migomba, nikaondoka kabla ya chai. Sitaki kusema zaidi kuhusu siku hiyo.

Sasa basi. Jumapili ya pili ya Julai, ukungu na manyunyu, nilikwenda kumchukua mjukuu wangu Violet, wa miaka miwili, ambaye tunamlea kwa kuwa mama yake, binti yetu Eva, na mumewe wako kazini kiwanda cha sukari huko tambarare. Darasa la shule ya Jumapili lilikuwa na watoto ishirini na watatu, sweta moja, kofia moja, zimevutwa mpaka kwenye nyusi. Mwalimu wao alinikabidhi mmoja aliyelala. Nilimfunika koti langu, nikambeba mpaka nyumbani, nikampa mtori. Akamaliza bakuli mbili. Violet hajawahi kumaliza hata kijiko, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ruth akarudi kutoka kwaya, akamvua kofia.

"Baba Eva, huyu ni nani?"

"Ni Violet."

"Violet ana hereni."

Mtoto hakuwa na hereni. Tulipoendelea na uchunguzi, hakuwa hata msichana.

4. Kabla hatujaamua la kufanya, hodi ikapigwa. Kwa mila zetu, mtu anayetafuta mapatano huja na jani la isale mkononi. Primus alikuja na mjukuu wangu mgongoni na jani la mgomba kichwani kwa ajili ya mvua.

"Mwalimu," akasema, "nadhani wamenipa wako."

Aliyeshiba mtori wangu alikuwa Given, mjukuu wake. Tungebadilishana mlangoni na mambo yangeisha kwa heshima, lakini Ruth alimwambia aingie, mvua ni kubwa. Akaingia. Akakaa kwenye kiti changu. Tukawaangalia watoto wakinyang'anyana kofia. Kisha Primus akasema, bila kunitazama, "Siku ya mazishi nilikuona pale migombani."

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Chai yako ilikuwa imewekwa."

Nilitoka nje kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na tatizo lolote.

5. Tangu hapo watoto hawatenganishiki. Wametoboa njia katikati ya masale na wameng'oa matatu. Primus nami tulikwenda kuyarudisha, na hakuna kati yetu aliyekumbuka yalipokuwa. Yeye akayapanda hatua moja ndani ya kihamba chake. Nami kwa hasira nikayang'oa, nikayapanda hatua moja ndani ya changu. Sasa tunabishana upya, lakini kinyumenyume, na kwa ubishi wa aina hiyo baraza la ardhi halina fomu.

6. Kesi yetu ilipangwa Jumanne iliyopita saa tatu asubuhi, baada ya kusubiri miezi kumi na minne. Nilikuwa nimeshavaa suti, faili liko kwapani. Ruth akasema, "Nishikie uzi kidogo tu." Nikanyoosha mikono, akanizungushia uzi. Primus akaja kumleta Given, naye kavaa suti, akapewa kazi ya kukunja donge. Ukishazungushiwa uzi mikononi huwezi kuondoka bila kuharibu kazi ya mtu. Tulikaa hivyo, mlalamikaji na mlalamikiwa, magoti yakigusana, mpaka saa tano. Kesi imefutwa kwa wahusika wote kutofika. Primus aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. Nami, kwa kuwa naandika ukweli, sikuweza kujizuia.

Kwa hiyo naomba kikundi kisitishe mara moja ufumaji wa nguo zote za watoto walio chini ya miaka mitano. Ruth arudishwe nyumbani akiwa na uwezo wa kuzungumza. Na Primus arudishwe katika hali aliyokuwa nayo kabla ya Julai. Nina miaka sitini na minane. Siwezi kuanza kutafuta adui mwingine. Wa rika langu waliobaki ama ni wagonjwa, ama ni ndugu.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako na goti lake, akina mama wote wa kikundi, na yule wa sauti ya pili kwenye kwaya anayeimba kama ya kwanza.

Nabaki palepale niliposimama,

Mwalimu Filemon Nkya

N.B. Nasikia paa la chumba mnachokutania linavuja. Njooni kwetu Alhamisi hii; Primus nami tumeshatoa kabati sebuleni na kupanga mabenchi. Eva alipiga simu jana, anatarajia mtoto wa pili mwezi wa kumi na mbili. Primus anauliza kama wanaume wanaruhusiwa kukaa tu na kutazama. Mimi siulizi hilo. Nauliza sindano namba ngapi inafaa kwa soksi za mtoto mchanga, maana kwa hizi ninazotumia kisigino kinakataa kukunjika.