Malalamiko ya Mwokaji Kuhusu Fedha Inayochemshwa Jikoni

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara,

Pokea salamu za mtu mwenye unga hadi kwenye nyusi. Mimi ni mwokaji mikate, mume wa yule mtafiti wako mrefu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Kwa heshima zote, naomba umtoe jikoni kwangu.

Kwanza, birika. Mke wangu huchemsha majani ya mpera katika birika letu la chai, huyachuja, kisha huchanganya maji yake na chumvi ya fedha. Yakigeuka rangi ya chai kavu, basi siku hiyo hatukai kwa shangwe zake. Anasema majani yamefanya kazi ambayo wengine huifanya kwa kemikali kali: yamezaa chembe za fedha zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huua vijidudu. Sibishi. Ila mama mkwe alishayatia sukari maji hayo akidhani ni chai, ikabidi tumpokonye kikombe mdomoni.

Pili, mdogo wangu. Alisikia shemeji yake anatengeneza fedha nyumbani, akahamia na godoro lake. Tumemweleza kwamba siyo fedha hiyo. Anatabasamu tu: "Sawa kaka, siri yenu ni siri yangu."

Tatu, vidole vyangu. Niliishika ile chumvi, vikawa vyeusi ti, na havioshiki. Wateja wanapokea mikate huku wakitazama dari.

Nne, na hili ndilo lililoniuma. Alinyunyizia maji yake kwenye beseni langu la kukandia, aone kama yatazuia ukungu. Ukungu hatukuuona. Hamira nayo ikafa. Nilitoa mikate bapa kama kandambili, nikamnunia mke wangu, naye akaninunia, na nyumba ikapooza hata mdogo wangu akajitolea kuosha vyombo.

Kwa hiyo mpe chumba hapo maabara. Kama hakuna chumba, mpe kabati. Kama kabati nalo limejaa, basi niajiri mimi, yeye abaki na jiko.

Wasalimie watafiti wote, mlinzi wa getini, na vijidudu vilivyonusurika.

Wako katika unga,
Mwokaji

Nyongeza: Mke wangu amesoma barua hii. Kumbe ulishampa chumba mwaka jana, chenye meza na dirisha kubwa, akakikataa. Anasema huko maji yakibadilika rangi hana wa kumwita aje aone. Tafadhali chumba hicho mpe mtu mwingine. Nimeshanunua birika la pili.